Umealikwa kula kwa familia ya Kituruki? Soma hii kabla hujavaa soksi

Kila mwaka ni yale yale. Wanafunzi wapya wanatua Uturuki, wanaanza mwaka wa lugha TÖMER (kituo cha kufundishia Kituruki), wiki ya tatu ya nne hivi meseji zinaanza kuingia: "Kaka, mwalimu kanialika kwao Jumamosi, naenda na nini?" Mwingine: "Dada, mama wa rafiki yangu anataka nikafuturu kwao, nisipomaliza chakula watanionaje?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, ukiulizwa na wewe mtumie mwenzio.

Kwanza toa hofu. Waturuki hawakuangalii unashikaje uma, wanaangalia vitu viwili tu: umekula? na umemwambia nini aliyepika? Hivyo viwili ukivipatia, mengine yote utasamehewa, hata ukimwaga supu. Ukivikosea, hata uvae suti haisaidii.

Kabla hujatoka hosteli

Soksi nzima na safi. Sitanii, ndiyo maana nimeiweka ya kwanza. Viatu vinavuliwa mlangoni karibu kila nyumba, kwa tajiri na kwa maskini, na kidole gumba kikichungulia kitachungulia mbele ya bibi, babu na jirani aliyekuja kumwona mgeni.

Zawadi. Nenda duka la baklava, vile vitamu vyao vya matabaka na sharubati, sema "yarım kilo" (nusu kilo) au "bir kilo", watakupangia kwenye boksi na kulifunga vizuri. Bei sikutajii maana lira haikai sehemu moja, ukisoma hii mwezi ujao nitakuwa nimekudanganya. Kama una kitu cha nyumbani, kahawa, majani ya chai, viungo, kanga, beba hicho, kinashinda baklava kwa mbali kwa sababu mama mwenye nyumba ataonyesha majirani mtaa mzima. Pombe usibebe, hata kama unajua baba wa pale anakunywa. Na wakiipokea zawadi wakaiweka pembeni bila kuifungua usinune, ndiyo adabu yao.

Ratiba ya kurudi. Hapa wengi wanaumia. Mabweni ya serikali, KYK, yana saa ya mwisho ya kuingia, na chakula cha jioni cha Kituruki hakiishi chakula kikiisha, baada ya hapo kuna chai ya masaa mawili matatu. Omba izin (ruhusa ya kulala nje au kuchelewa) mapema, usiombe ukiwa tayari kwenye sofa ya watu na kipande cha keki mkononi.

Kama kuna kitu huli, mwambie aliyekualika siku moja kabla. Mwenye mzio ajifunze sentensi yake kabisa, mfano "Antep fıstığına alerjim var", nina mzio wa pistachio, maana hiyo pistachio iko kwenye nusu ya vitamu vya nchi ile. Mezani ukisema umechelewa, mama ameshakaa jikoni tangu asubuhi.

Tumbo. Mchana kula kidogo lakini usifunge ukitegemea kulipiza usiku, nitaeleza kwa nini.

Na maneno. Kusoma Kituruki kwetu ni rahisi: ş ni "sh", ç ni "ch", c ni "j", ğ haitamkwi inavuta tu irabu iliyotangulia, ı isiyo na nukta ni "i" ya kooni. Haya ndiyo ya kukariri kwenye basi:

- Hoş bulduk: jibu la "Hoş geldiniz" (karibuni). Ukisema "teşekkür" sio kosa ila hili ndilo linalowafungua uso.
- Elinize sağlık: "afya iwe mikononi mwenu". Anaambiwa aliyepika. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote, ukisahau mengine usisahau hili.
- Doydum: nimeshiba.
- Müsaadenizle: kwa ruhusa yenu. Linafanana na "msaada" lakini sio msaada, ni la kuomba kuondoka.
- Allah kabul etsin: Mungu aipokee (funga). La Ramadhani.

Haya, twende hatua kwa hatua.

1. Hakikisha umealikwa kweli

"Bir gün bize de buyur" ni sawa na ile yetu ya "karibu nyumbani siku moja", unaitikia kwa tabasamu na maisha yanaendelea. Mwaliko wenyewe una siku, una saa na unafuatiwa na lokesheni kwenye WhatsApp. Ukipata hiyo lokesheni, jibu siku hiyo hiyo, na uliza "Bir şey getireyim mi?" (nilete chochote?). Watakwambia usilete kitu, jilete mwenyewe. Wewe beba tu.

Usiongozane na rafiki bila kusema. Watampokea, tena kwa furaha, lakini mama atakuwa amehesabu köfte (vidonge vya nyama ya kusaga).

2. Fika kwa wakati, na Ramadhani fika kabla ya wakati

Chakula cha jioni cha kawaida ukichelewa dakika tano kumi hakuna neno. Kuwahi nusu saa ndio vibaya, utawakuta wanapiga deki.

Futari ni kesi nyingine kabisa. Ezan ikiadhiniwa watu wanakula muda huo huo, hakuna kumsubiri mtu aliyekwama barabarani, na barabara za Istanbul lisaa limoja kabla ya futari usiombe, mji mzima unakimbilia mezani. Panga ufike dakika ishirini kabla. Ukipita kwenye fırın (tanuri la mkate) ukaona foleni ndefu ujue watu wanasubiri ramazan pidesi, ule mkate wa mviringo wa Ramadhani wenye ufuta juu. Ukisimama kwenye foleni ukafika nao wa moto kwapani, hapo umeshakuwa mtoto wa nyumba kabla hata hujaingia.

3. Mlangoni

Vua viatu kabla ya kukanyaga ndani, sio ukishaingia. Utapewa terlik, ndala za ndani, vaa hata kama ni ndogo kisigino kinaning'inia. Chooni kwa kawaida kuna ndala zake, unabadilisha pale mlangoni na UNAZIACHA pale ukitoka. Kurudi sebuleni na ndala za choo ni kosa la kawaida la mgeni, watacheka na hiyo stori itasimuliwa kila sikukuu.

Salamu: watakwambia "Hoş geldiniz", wewe "Hoş bulduk". Wazee kabisa, babu na bibi, shika mkono wao wa kulia, ubusu, halafu ugusishe kwenye paji la uso wako. Kwa sisi tuliolelewa na shikamoo hii haitusumbui. Si kila mzee anataka, wengine wanauvuta mkono kwa utani, usilazimishe. Mwanamke aliyejistiri, kama wewe ni mwanaume, subiri anyooshe yeye mkono kwanza, asiponyoosha weka kiganja chako kifuani, inamisha kichwa kidogo, imeisha. Na dada zangu vivyo hivyo kwa wanaume walioshika dini.

Halafu inakuja kolonya. Mtoto wa nyumba anapita na chupa, unakinga viganja viwili kama unapokea maji ya udhu, anakumiminia, unajipaka mikononi. Ni spiriti kali yenye harufu ya limau, kama umetoka kunyoa ndevu muda huo huo usijipitishie usoni, utaimba.

4. Usimwite mkubwa jina kavu

Mama wa rafiki yako ni teyze (ndiyo mama mdogo au mkubwa, upande wa mama), baba ni amca (upande wa baba). Aliyekuzidi miaka michache ni abla akiwa wa kike, abi akiwa wa kiume, na unaweza kutanguliza jina ukamalizia na hiyo abla. Hapa Mswahili ana raha, tumezoea kila mtu kuwa mama fulani na kaka fulani. Wanaohangaika ni Wazungu.

5. Kaa unapoonyeshwa

Nyumba nyingi za mjini ni meza na viti, hamna cha ajabu. Ila vijijini na miji ya ndani kama Konya bado utakutana na yer sofrası: kitambaa kikubwa kinatandikwa chini, juu yake sinia kubwa la mviringo kwenye kigoda, mnazunguka. Kile kitambaa kina ukubwa wa makusudi, unavuta ncha yake unafunika mapaja yako ili makombo yasianguke kwenye zulia. Usikikanyage na usikiruke. Miguu ikunje au ukae na goti moja juu, nyayo zisiwaelekee watu. Ikikufa ganzi badilisha taratibu, kila mtu anabadilisha.

Usianze kabla ya mkubwa hajaanza. Ukisikia bismillah na vijiko vinagonga, anza.

6. Kula kwa mahesabu (hapa soma mara mbili)

Inaanza supu. Mara nyingi ni mercimek, ya dengu nyekundu, unakamulia limau, unanyunyiza pilipili ya pul biber. Pembeni mkate umejaa. Una njaa ya hosteli, unamaliza bakuli na nusu ya mkate, mama anakuongezea, unamaliza tena, unajiegemeza unajua umekula. Ndugu yangu, hujala. Hiyo ilikuwa supu. Inakuja sarma, majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali. Inakuja nyama, au köfte, au kuru fasulye ambayo ni maharage meupe. Inakuja pilav, saladi, cacık ya mtindi na matango, turşu yaani achari. Halafu vitamu. Halafu matunda, halafu njugu, halafu mbegu za alizeti. Na kila kimoja mama anakuangalia usoni unavyoonja.

Kwa hiyo mahesabu yako ni haya: kila kitu chukua nusu ya unachotamani kwa sababu nusu ya pili utawekewa upende usipende. Onja vyote, hata kijiko. Na usimalize sahani mapema, sahani tupu kwa mama wa Kituruki ni ombi la kuongezewa. Bakiza vijiko viwili vya mwisho uvimalizie wenzako wakiwa wanamaliza, lakini vimalize, chakula cha kutupwa hawakipendi.

Mambo ya kuangalia hapo hapo:

Pilav sio pilau. Majina ni ndugu lakini sahani ni nyingine: ni wali mweupe wa siagi na tambi ndogo za kahawia, hakuna mdalasini, hakuna karafuu, hakuna iliki. Ukiletewa usikae na uso wa msiba. Na haulikwi kwa mkono, tumia kijiko au uma, mkono ni wa mkate.

Mkate una heshima yake. Usiuchezee, usiutupe, usiuweke chini pa kukanyagwa. Kipande kikianguka utaona wazee wanakiokota, wanakibusu, wanakigusisha kwenye paji la uso na kukiweka mahali pa juu. Wewe okota tu uweke pembeni, inatosha.

Ayran ni mtindi uliochanganywa na maji na CHUMVI. Wengi wanapiga funda kubwa wakitegemea sukari. Onja kwanza.

Pua usiipengee mezani, inuka uende bafuni.

7. Mwambie aliyepika

Usisubiri mwisho. Ukishaonja supu, mwangalie aliyepika, "Elinize sağlık, çok güzel olmuş" (imetoka nzuri sana). Mwisho wa chakula rudia tena. Yeye atajibu "Afiyet olsun", ambayo ni kama kukutakia afya kwa ulichokula.

Kosa la wageni wote: kumwambia mpishi "Afiyet olsun" badala ya kusubiri akuambie. Hilo neno linatoka kwa aliyepika kwenda kwa anayekula, au unawaambia watu uliowakuta wanakula. Ukimwambia mama aliyekulisha ni kama umempokonya mistari yake.

Kosa langu mimi lilikuwa lingine. Nina Kituruki cha miezi miwili, niko Konya, mama mmoja ananipakulia bamya çorbası, supu ya bamia. Sio bamia tunazozijua, ni vidogo kama punje, vinakaushwa vikiwa vimetungwa kwenye uzi kama shanga, supu yenyewe ina ukali wa limau na vipande vya nyama. Nikaonja, ikanitoka kwa mazoea: "tamu!" Yeye akasikia "tamam". Tamam kwao ni "sawa, basi, inatosha". Akarudisha upawa kwenye sufuria. Nimebaki na vijiko vinne vya supu kwenye bakuli nawaangalia watoto wa nyumba wakiongezewa, na sina neno la kujitetea. Kwa hiyo usiseme tamu. Sema "çok güzel".

8. Kukataa, na msonyo usio msonyo

Ukikataa mara moja hawakuamini. Kwao kukataa mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni aibu, ya tatu labda kweli. Watakwambia "hatırım için", yaani kula kwa ajili yangu mimi, na hapo inabidi ule kimoja. Unapokuwa umeshiba kweli weka kiganja kifuani, sema "Gerçekten doydum, elinize sağlık". Mkono kifuani unafanya kazi kuliko sentensi yenyewe.

Sasa hii nisikilize. Mturuki akisema hapana mara nyingi hatamki neno, anainua nyusi, kichwa kinaenda nyuma kidogo, na ulimi unatoa "cık". Kwa masikio yetu huo ni msonyo! Mara ya kwanza nimemuuliza bibi kama anataka maji, akanisonya, nikajua nimemkosea nini sijui, usiku mzima sijalala. Bibi wa watu alisema tu hataki maji. Na ukiona nyusi zimepanda usidhani amekubali.

9. Chai

Chai inakuja kwenye kibilauri cha kiuno chembamba, haina maziwa na usiulize maziwa. Inapikwa kwenye birika mbili zilizopandana, ya juu ina majani makali, ya chini maji moto tu, ndiyo maana watakuuliza "açık mı, demli mi?", nyepesi au nzito. Kama unataka kulala usiku huo sema açık. Shika ukingoni juu, sio tumboni, inaunguza.

Bilauri ikiisha inajazwa. Ikiisha inajazwa. Mimi nilifika saba nikidhani ni heshima kumaliza, kumbe wao wanadhani bado nataka. Ukitosheka laza kijiko juu ya mdomo wa bilauri, kimekaa kama daraja. Hapo wameelewa bila maneno.

Ikija kahawa, uliulizwa sukari wakati wa kupika: sade (bila), orta (kiasi), şekerli (tamu). Masimbi ya chini hayanywewi, acha. Bibi akikigeuza kikombe kwenye kisahani anataka kukusomea bahati yako humo kwenye masimbi, ukitaka mpe, usipotaka sema hapana kwa upole.

10. Stori

Utaulizwa umri, dini, kama umeoa, kwa nini hujaoa, baba yako anafanya kazi gani, skolashipu ni kiasi gani. Sio umbea, ndivyo wanavyokujali, jibu unachotaka na kingine kizungushe kwa kucheka. Siasa zao usizianzishe, wakianza wao wewe kunywa chai.

Mada zisizokosea: maneno. Waambie kwenu dakika ni dakika, sabun ni sabuni, kitap ni kitabu, bereket ni baraka, na misafir, ambaye kwao ni mgeni, kwetu ni msafiri. Hiyo peke yake inamaliza nusu saa, babu ataanza kukutafutia mengine. Mada nyingine ni mpira, lakini uliza kwanza "Hangi takımı tutuyorsunuz?" (mnashabikia timu gani?). Ukiwa nyumba ya Fenerbahçe mtaje Samatta aliyecheza pale msimu wa 2020/21. Ukiwa nyumba ya Galatasaray, mahasimu wao, Samatta mwache apumzike.

Mtoto mzuri ukimsifia sema "maşallah". Na picha omba ruhusa, hasa dada na mama wa nyumbani, wengi hawapendi kuwekwa mtandaoni hata kama wamecheka wakati unapiga.

11. Kuondoka

Jitolee kusaidia kutoa vyombo. Watakataa, beba hata bilauri mbili mpaka jikoni. Muda ukifika jipige mapaja kidogo kwa viganja, "Müsaadenizle, ben kalkayım". Watasema "erken daha", bado mapema. Unakaa dakika kumi, unarudia. Mlangoni mnasimama tena robo saa, ndipo stori tamu zinapokuja. Aga kwa kuanzia mkubwa. Wao wanasema "Güle güle", hiyo ni ya anayebaki, wewe usiseme, sema "Hoşça kalın".

Kesho yake meseji moja: "Dün için çok teşekkür ederim, elinize sağlık." Usisahau, wanaisubiri.

Mambo yakienda kombo

Umewekewa kitu hukiwezi. Supu ya utumbo (işkembe) au ya kichwa na miguu (kelle paça) si kila mtu anaiweza, ingawa waliozoea makongoro watajiona wako nyumbani. Kula vijiko vitatu na mkate, kisha hamia sahani nyingine na uisifie hiyo kwa sauti. Usisukume bakuli mbali.

Umevunja bilauri. Omba samahani mara moja tu. Watasema "nazar çıktı", jicho baya limetoka, na kweli wanamaanisha. Ukiendelea kuomba samahani unawapa kazi ya kukubembeleza.

Kituruki kimekuishia. Hakuna anayejali. Weka programu ya kutafsiri mezani mpeane simu, ila usiielekee simu wewe peke yako. Na watoto waachie, mtoto wa miaka sita atakufundisha majina ya kila kitu mezani kwa kukupigia kelele.

Umefunga Ramadhani na hujazoea chakula kizito. Anza na tende au zeituni na maji, supu polepole, pumzika. Futari yao inashambuliwa kwa kasi, wewe usishindane.

Hufungi, au si Muislamu, na umealikwa futari. Nenda, tena watafurahi. Usile barabarani ukielekea kwao, na ezan ikilia kula nao kwa pamoja.

Umevaa ndala za choo mpaka sebuleni. Cheka kwanza wewe.

Umepewa chakula cha kubeba kwenye kopo. Hii ndiyo inayoulizwa kuliko zote: "Narudisha vipi?" Kwanza usilikatae, kukataa kopo ni ugomvi. Pili lioshe. Tatu, halirudi tupu, kwao chombo cha jirani hakirudishwi mikono mitupu kama tu ilivyo kwetu uswahilini. Si lazima makubwa, weka matunda, biskuti, chochote. Mimi nilirudisha na maandazi ya iliki niliyopika kwenye jiko la hosteli, yameungua upande mmoja. Wiki iliyofuata kopo likarudi limejaa sarma. Nikaweka chapati. Likarudi na dolma ya pilipili hoho. Huu mwaka wa nne, na ukiniuliza lile kopo ni la nani sasa hivi sijui.